Mistari Miwili ya Buluu

Fungeni mlango huo, dirisha liacheni wazi, maana nataka hewa lakini sitaki majirani. Kaeni. Wewe Muuguzi, acha kunishika mkono unahesabu mapigo, hapa hujaja kazini, umekuja kwa mama yako, na mapigo hayo yakisimama utajua tu. Wewe Karani, zima simu. Nasema izime, si kuilaza kifudifudi kwenye shuka langu ukidhani mama haoni. Na wewe Fundi, kitinda mimba wangu, sogea karibu, kwa sababu mengi ya leo yatakuangukia wewe, na najua umekuja huku umeninunia. Nuna, lakini usikilize.

Ninaondoka, wanangu. Msianze kulia, sina nguvu ya kumbembeleza mtu. Nimewaita niseme la kusema ulimi ungali wangu: nani achukue nini, nani nimemsamehe na nani sitamsamehe hata nikifika huko. Tena nimewaita kwa sababu nina hasira. Watu hudai kwamba mtu akikaribia kufa moyo wake unatulia. Uongo mtupu! Wangu unachemka, na sitaki kwenda nao hivi ulivyo.

Tuanze na vitu, maana najua mnavifikiria, na si vibaya kuvifikiria. Nyumba hii, yaani sebule na vyumba vya mbele, ni ya Muuguzi, kwa kuwa ndiye aliyenigeuza na kunisafisha muda wote huu bila kukunja uso, au kama aliukunja, alikwenda kuukunjia jikoni. Cherehani ni yake pia. Vyumba vya uani, vile vyenye wapangaji, ni vya Fundi. Ndiyo, vyote. Karani, usikohoe, hujawahi kuwa na kifua wewe. Najua mtasema mama ameanza upendeleo wake, na semeni hivyo mpaka nimalize, ndipo mtajua kwa nini huyu atazihitaji kodi za wale wapangaji kuliko nyinyi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Na wewe Karani una chako, kipo chini ya kitanda hiki, tutakifikia.

Sasa nisikieni habari za mtaa wetu, na asiniambie mtu kwamba anazijua. Mnazijua zile za shuleni. Vita vilipokaribia mji huu, Muuguzi ulikuwa mgongoni kwangu na nyinyi wawili hamjazaliwa. Tulikaa kati ya reli na kambi ya jeshi, nyumba za matofali ya kuchoma zimebanana, kwetu na kwa kinyozi ukuta kwa ukuta, mke wake akikaanga pilipili mimi ndiye ninayepiga chafya. Nyumba yetu ya wakati ule baba yenu aliijenga kwa mikono yake, na mlango akaupaka rangi ya mafuta, buluu, kwa sababu mimi niliitaka buluu. Chumba cha nyuma alikaa bibi yenu, mama mzaa baba yenu, amepooza upande mmoja lakini mdomo mzima kabisa, na aliutumia. Mnaniona mimi mkali? Hamkumpata yule.

Baba yenu alikuwa amechukuliwa na waashi wenzake kwenda kuchimba mahandaki. Hilo silalamikii, vita ni vita, na serikali ina haki ya kuita watu wake. Halafu asubuhi moja likaja gari lenye kipaza sauti, la jeshi letu, nasema letu, vijana wanaoongea kama sisi, likatuambia tutoke na tunachoweza kubeba, kwa sababu jeshi linataka uwanja wazi mbele ya kambi ili adui akija akose pa kujificha. Nikamfuata kijana mmoja, nikamwambia ndani kuna mgonjwa asiyetembea, nami mikono yangu ndiyo hii na mtoto ndiye huyu. Akanijibu kwa adabu zote: "Nenda, mama, machela inakuja, tutamtoa sisi." Nikaingia kumweleza bibi yenu. Akasema, "Toka na mtoto wewe, hawa nitawatukana mpaka wanibebe." Nikatoka. Machela haikuja. Yalikuja matingatinga.

Na mtu asinipe pole kwa kuniambia nisijilaumu. Sijilaumu, sijawahi! Mtu aliyevaa nguo za serikali aliniambia serikali itambeba mama mkwe wangu, nikaamini, na raia akiiamini serikali yake hajakosa kitu. Aliyekosa ni aliyeaminiwa.

Jioni tukiwa tumekaa kwenye uwanja wa shule, vumbi la nyumba zetu bado limejaa kwenye nywele, redio ikatangaza kwamba adui, kwa unyama wake, amevunja mtaa wa raia wasio na hatia. Tulisikiliza sisi wenyewe tukisimuliwa kilichotupata. Mke wa kinyozi akaanza kucheka, akacheka mpaka tukamshika mabega. Wanangu, wangesema tu! Wangesimama wakasema ndiyo, tulivunja, tulilazimika, kuna mama wa watu tulimsahau ndani, mtusamehe. Ningelia, ningegaragara, na mwisho ningesamehe, kwa shida lakini ningesamehe, maana hata mimi najua vita havina ustaarabu. Hawakusema. Mpaka leo ninavyoongea nanyi hawajasema.

Vita vikaisha. Tukaambiwa tumeshinda. Likaja neno jipya, ujenzi mpya, likawa kwenye redio, kwenye kuta, midomoni mwa kila mwenye tai. Akaja mkubwa mmoja akapanda juu ya kifusi, akasimama pale hasa palipokuwa sebule yangu, viatu vinang'aa, akasema taifa litainuka kutoka hapa na wanawake ndio watakaoliinua, na kila familia itarudishiwa nyumba yake. Tukapiga makofi, hata mimi nilipiga. Tukagawiwa nyundo, kazi yetu ikawa kuchomoa matofali mazima kwenye kifusi, kuyagonga saruji ya zamani mpaka yawe safi, na kuyapanga. Chakula walitupa, sitawasingizia. Zahanati ikafunguliwa, shule ikafunguliwa, nyote mkasomeshwa. Karani hunitupia hilo kila tukigombana, mama, serikali hiyo unayoitukana ndiyo iliyonisomesha. Sawa, ilikusomesha, tena vizuri, ndiyo maana unajua kuongea na mama yako kama unahutubia mkutano. Lakini aliyekusomesha wewe ndiye aliyeniibia mimi, na siwezi kumkumbuka nusu.

Maana tuliibiwa. Sisi tulijua matofali yale ni ya nyumba zetu, kwa hiyo tukayatia alama ili siku ya kugawana pasiwe na ugomvi. Wazo lilikuwa langu. Nilichimbua kopo la rangi ya mlango, limebonyea lakini rangi ingalimo, nikapaka mstari wa buluu kwenye kila tofali langu. Mke wa kinyozi akatumia nyekundu, mke wa mwalimu kijani. Ugomvi tuliokuwa tunaukimbia ukatokea hapohapo! Mke wa kinyozi akanishika kwamba napaka buluu juu ya nyekundu yake, nikamwambia rangi yake ameichanganya na mafuta ya taa kwa ubahili, ndiyo maana haishiki. Tukatukanana mpaka msimamizi akaja kutuamua, na tangu siku hiyo hatukusemeshana, tukikutana sokoni kila mtu anatazama nyanya zake. Miaka na miaka, kwa matofali ambayo hakuna kati yetu aliyepata hata moja.

Nipe maji, Muuguzi. Kidogo tu.

Kazi ikafika kwenye chumba cha nyuma. Nilichokikuta sitawaeleza. Tulimzika bibi yenu wanawake peke yetu, kwenye udongo mtupu, na yule aliyenisaidia kushika miguu ni mke wa kinyozi, hatusemeshani lakini alishika. Matofali ya chumba kile nikayapaka mistari miwili badala ya mmoja. Nikayapanga kando, nikamwambia kila mtu haya si ya nyumba, haya baba wa mtoto wangu akirudi atamjengea mama yake kaburi. Wote walijua. Msimamizi alijua, aliitikia kwa kichwa.

Siku moja tukafika kazini tukakuta malori yameshapakia. Yangu, ya kinyozi, ya mwalimu, yote pamoja, na yale ya mistari miwili yapo juu kabisa, nayaona. Nikamkamata dereva shati. Akaniambia, "Mama, mimi ni dereva tu." Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, wanangu, mimi ni dereva tu, mimi ni karani tu, mimi ni mlinzi tu. Huyo serikali mwenyewe yuko wapi basi, mbona hakuna siku amewahi kunifungulia mlango mwenyewe?

Wakajenga Ukumbi wa Ushindi. Mnaupita kila siku, mmecheza bustanini kwake kabla hawajaweka mlinzi. Mlangoni wakabandika bamba la shaba lisemalo kwamba ukumbi umejengwa kwa matofali yaliyotolewa kwa hiari na wananchi ambao mtaa wao ulivunjwa na adui. Hiari! Nimelisoma neno hilo mpaka nikaona haya kwa niaba yao.

Na nani aliupiga lipu ukumbi ule, nani alichanganya saruji na mchanga akayafunika matofali yetu yasionekane tena? Hili sijawahi kuwaambia. Baba yenu. Alirudi kutoka mahandakini kifua kimeharibika, na njaa ipo ndani, wakamwita kwa sababu mkono wake ulijulikana mji mzima. Siku ya kwanza alirudi akakaa kizingitini. Ameiona mistari miwili. Nikamwomba asirudi kule. Akasema asipokwenda ataitwa mwingine, na sisi tutakula nini. Mpaka hapo nilimwelewa, naapa. Lakini alivyoipiga sasa! Mchanga aliuchekecha mara ya kwanza na ya pili, saruji ya kutosha, timazi hapa, pima maji pale, na baada ya hapo akawa anakwenda kuumwagilia ukuta maji usipasuke, asubuhi na jioni, kama mtu anayenywesha mgonjwa. Nikamwuliza, wewe mwanamume, umeshindwa hata kuwalipulia kazi? Akanitazama kama namwambia aibe msikitini au kanisani. "Mimi sijui kupiga lipu mbaya," akasema. Basi lipu yake ikakaa umri wote wa Fundi bila ufa hata mmoja. Uongo wao haukushikiliwa na bamba la shaba, ulishikiliwa na kazi nzuri ya mume wangu. Nilimpenda, nikamwuguza mpaka pumzi yake ya mwisho, lakini hilo sikulimeza, na huko niendako ndilo nitakalomwuliza kabla ya salamu.

Mwaka huu ndipo mvua ilipoishinda. Bonge zima la lipu likadondoka upande wa bustani, na Muuguzi akanisukuma kwa kiti cha magurudumu nikaone. Ee Mungu wangu! Buluu, nyekundu, kijani, vilevile tulivyopaka, na wanawake wazee wamejaa pale kama msibani. Mke wa kinyozi alikuwepo, kiganja chake kiko kwenye tofali lake jekundu, na juu ya lile lake limelala langu la buluu, kila rangi mahali pake. Akaligusa, akanigeukia, akasema, "Kumbe kweli hukuyapaka yangu." Tulicheka, tukalia, tukasahau kuombana radhi. Na kando ya dirisha, mengi kwa pamoja, yale ya mistari miwili. Nilimwamkia bibi yenu pale, mbele za watu. Vijana wakaanza kuuliza, bibi, hizi rangi ni za nini? Wanangu, hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Tukawajibu.

Ndiyo maana hazikupita siku nyingi wakazungushia mabati. Zabuni ikatoka: ukuta ule ufunikwe haraka kabla ya sherehe za ushindi. Na nani akaipata? Karani akapita ofisi hii na ofisi ile, akamtafutia mdogo wake, na Fundi ukaja hapa unatabasamu, mama, nimepata kazi kubwa kuliko zote. Nikakurushia kikombe. Sikukusudia kikupate, nilitaka kikukose kidogo, mkono ndio umezeeka. Usininunie kwa hilo.

Karani, inama. Vuta hicho kilichofungwa kwenye kitambaa. Ndiyo, ni nyundo, ile niliyopewa kugongea matofali, mpini umelika kwa kiganja changu. Hiyo ndiyo sehemu yako. Uliniambia haya ni mambo ya zamani, tutazame mbele, nchi inataka umoja. Nani ameukataa umoja? Mimi nimekaa ukutani na mke wa kinyozi, umoja gani zaidi ya huo! Iweke mezani kwako ofisini, wakikuuliza waambie mama yangu alijenga Ukumbi wa Ushindi, wala hakuulizwa. Na lile nitakalomwambia ndugu yako sasa hivi, ukilipeleka ofisini, basi usije kwenye kaburi langu.

Fundi. Nilikuambia uikatae kazi ile. Nimelala hapa nikalifikiria tena. Ukiikataa, ataitwa fundi mwingine, ataipiga lipu imara, na watoto wa watoto wenu watasoma bamba la shaba na kuamini. Kwa hiyo nenda. Pandisha majukwaa, vaa nguo zako safi. Halafu uiharibu.

Usinikatize! Pumzi yangu haitoshi kubishana. Mchanga chukua ule wenye udongo, wala usiuchekeche. Saruji tia ya kuleta rangi tu. Ukuta usiulowanishe kabla, na ukimaliza usiumwagilie hata tone. Ipige nyembamba, isugue, ing'ae, siku ya sherehe wakubwa wapige picha mbele yake mpaka wachoke. Halafu uiachie mvua. Chini pale ni maua matupu, na mlinzi hamruhusu hata paka kupita, hataumia mtu.

Unalia. Najua unalilia nini. Una mkono wa baba yako, hujawahi kufanya kazi ya ovyo hata kwenye banda la kuku, nami nimejivunia hilo kila siku ya maisha yako. Mkaguzi atakuita. Watakunyang'anya kazi zao zote, na mjini watasema mtoto wa fundi yule mkubwa, kumbe hajui lipu. Jina lako litakwenda na maji, mwanangu, na mimi mama yako ndiye ninayekuomba. Ndiyo maana vyumba vya uani ni vyako, mmenielewa sasa? Baba yako aliwekwa kati ya mkono wake na mama yake mzazi, akachagua mkono. Wewe usichague hivyo.

Mto... inueni mto kidogo. Hapo.

Nizikeni kando ya bibi yenu. Udongo mtupu, kama wake. Serikali ikileta bendera na msemaji, mwambieni asante, na mlango ni ule. Wa kwanza kutupa udongo awe mke wa kinyozi, mchukueni na gari, miguu yake haimbebi tena. Na msitujengee makaburi, mmesikia? Mpaka siku watakapokuja wenyewe, mchana, na kusema tulivunja sisi. Watoe yale ya mistari miwili ukutani, wawape mkononi. Siku hiyo Fundi utujengee, na hapo uonyeshe mkono wako wote, dunia nzima ije ione kazi.

Muuguzi, Mungu akupe wa kukugeuza wewe utakapolala. Karani, akupe ujasiri, akili unayo. Msigombane kwa sababu ya vyumba. Pendaneni... nimechoka.

Fundi, lete mkono. Si huo, ule wa mwiko. Ulivyo mgumu, kama wa baba yako. Mungu aubariki mkono huu. Auharibu mara moja, kisha auponye.

Sasa niambie nikusikie. Ndoo moja ya saruji, mchanga utatia ndoo ngapi?

Sema kwa sauti.

Hapana, baba. Hiyo bado itashika. Ongeza mchanga.

Ongeza.